Maswali ya Wasomaji: Mlango Uliofunguka Bila Kuvunjwa

Barua nyingi tulizopokea kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu mageti na milango ya mabanda ya magari inayofunguliwa kwa rimoti. Tumechagua chache, na tunaanza na ile yenye uchungu zaidi, kwa kuwa jibu lake ndilo linalobeba majibu mengine.

*Ninaishi Shangani, Mtwara Mjini. Asubuhi moja tulikuta mlango wa banda la gari uko wazi nusu, na jenereta pamoja na magunia mawili ya korosho yametoweka. Hakuna alama ya mtaimbo, kitasa hakikuguswa, na rimoti zetu zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba. Fundi aliyefunga mota anasisitiza kwamba haiwezekani mtu kuufungua mlango ule bila rimoti, na sasa watu wa nyumbani wameanza kutazamana kwa mashaka. Je, ni kweli haiwezekani?*
Msomaji wa Shangani

Pole sana, ndugu msomaji, na tafadhali wasomee watu wa nyumbani kwako jibu hili kabla hawajaendelea kushukiana. Kauli ya fundi ina ukweli kwa mota za aina fulani, na haina ukweli hata kidogo kwa mota za aina nyingine.

Unapobonyeza rimoti, inarusha namba kwa mawimbi ya redio, mara nyingi katika masafa ya megahezi 433. Risiva iliyo kwenye mota huipokea namba hiyo, ambayo hapa tutaiita msimbo, na kuilinganisha na ile iliyoihifadhi. Zikioana, mota huzunguka. Katika rimoti za zamani, na katika nyingi za bei nafuu zinazouzwa hata leo, msimbo haubadiliki kamwe. Ule uliorushwa jana jioni uliporudi kutoka kazini ndio utakaorushwa leo na mwaka ujao. Mtu aliyesimama kando ya barabara akiwa na kifaa kidogo cha kunasa mawimbi anaweza kuudaka ukiwa hewani, akauhifadhi, kisha akaurusha mwenyewe saa nane usiku. Mlango hauna namna ya kutambua kwamba aliyeurusha si wewe.

Kwa baadhi ya rimoti, hata kunasa si lazima. Ziko ambazo msimbo wake hupangwa kwa safu ya swichi ndogo, kila swichi ikiwa juu au chini. Swichi 8 hutoa misimbo 256 tu, na swichi 12 hutoa 4,096. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha hadharani udhaifu huo kwa kutumia kifaa cha kuchezea cha watoto kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel. Kurusha misimbo yote mmoja baada ya mwingine kungechukua karibu nusu saa, lakini yeye alipunguza muda huo hadi chini ya sekunde 10, kwa sababu risiva nyingi za aina hiyo hazijali msimbo unaanzia wapi wala unaishia wapi. Hutazama tu tarakimu zinavyopita mfululizo. Chukua mfano wa msimbo wa tarakimu mbili, ambao unaweza kuwa 00, 01, 10 au 11. Ukiiandika yote minne kando kando utahitaji tarakimu nane, ilhali mfululizo wa 00110, wenye tarakimu tano, unayo yote ndani yake. Kamkar alitoa maelezo hayo ili watu wabadilishe vifaa vyao, na hiyo ndiyo sababu ninayarudia hapa.

Sasa fungua rimoti yako kwa bisibisi ndogo. Ukiona safu ya vijiswichi vyenye namba kuanzia 1 hadi 8, 10 au 12, msimbo wako ni wa kudumu na unaweza kubahatishwa. Usipoona swichi yoyote, usifurahi mapema, kwa maana ziko rimoti zisizo na swichi ambazo msimbo wake umechomwa kiwandani ndani ya chipu, nao pia haubadiliki. Chipu inayotumika sana katika rimoti hizo, EV1527, ina misimbo zaidi ya milioni moja, hivyo ni vigumu kuubahatisha, lakini kuunakili ni kazi ya dakika moja kwa kutumia zile rimoti za kukopi zinazouzwa madukani. Ikiwa rimoti ya kukopi ya bei nafuu imeweza kuiga yako, na zote mbili zikaendelea kufungua mlango siku zinazofuata, chukulia kwamba msimbo wako ni wa kudumu. Jihadhari pia na maandishi ya kwenye boksi. Neno "Learning Code" maana yake ni kwamba risiva inaweza kufundishwa rimoti mpya, basi. Halisemi lolote kuhusu msimbo kubadilika. Unachokitafuta ni "Rolling Code" au "Hopping Code", yaani msimbo unaobadilika kila unapobonyeza.

Dawa yake si kununua mota mpya. Mota yako inaweza kubaki ilivyo, ukafungiwa risiva ya nje yenye msimbo unaobadilika pamoja na rimoti zake. Risiva hiyo hupewa umeme, kisha nyaya zake mbili za kutoa amri huunganishwa mahali pale pale panapounganishwa kitufe cha ukutani. Hapa nakuomba usimame karibu na fundi mpaka amalize, kwa sababu liko kosa ninaloliona mara kwa mara: risiva mpya inafungwa, rimoti mpya inafanya kazi, kila mtu anaridhika, lakini risiva ya zamani iliyo ndani ya bodi ya mota imeachwa hai. Mlango huo utaendelea kuutii msimbo wa zamani kama kwamba hakuna kilichofanyika. Kabla hujamlipa fundi, chukua rimoti ya zamani, simama mbele ya mlango, ubonyeze. Mlango ukitikisika hata kidogo, kazi haijaisha. Hakikisha vilevile kwamba risiva mpya haikupangwa kukubali aina zote mbili za msimbo, kwa kuwa baadhi yake zina mpangilio huo.

Mpaka siku hiyo ifike, kila usiku zima umeme wa mota na ufunge komeo la ndani, ukianza na umeme, maana mota ikiamriwa kuvuta mlango uliokomewa inaweza kuungua.

Liko jambo la mwisho ambalo haki inanitaka nilitaje. Inawezekana aliyeingia kwako hakutumia mawimbi yoyote. Milango mingi ya mota ina kamba ya dharura inayoning'inia kwa ndani, ambayo ukiivuta mlango hutengana na mota na kunyanyuliwa kwa mkono. Penye upenyo kati ya mlango na boriti ya juu, mtu hupitisha waya uliopindwa, akainasa kamba hiyo na kuivuta akiwa nje. Tazama juu ya mlango wako kama kuna mikwaruzo au mpira wa kuzuia vumbi uliosukumwa ndani. Ukiiona, ziba upenyo huo kwa bati au ubao, na fupisha kamba bila kuiondoa, kwa kuwa siku mtu akikwama ndani ndiyo itakayomtoa. Vyovyote alivyoingia, mlango wa kutoka bandani kuingia nyumbani upewe kitasa kilicho imara sawa na cha mlango wa mbele, na ufungwe kila usiku.

*Shikamoo. Mimi ni mpangaji wa Chuno. Tunatumia geti moja la kuteleza, kaya nne. Wapangaji wawili walihama na rimoti zao, na mlinzi wa zamani pia alikuwa na moja. Mwenye nyumba anasema kubadilisha mota ni gharama kubwa. Tufanyeje?*
Mpangaji, Mtwara

Marahaba, mwanangu. Mwambieni mwenye nyumba kwa heshima kwamba hakuna aliyemwomba abadilishe mota. Kama geti lenu lina msimbo unaobadilika, risiva ina kumbukumbu ya rimoti zilizosajiliwa, na kumbukumbu hiyo hufutika yote kwa pamoja, mara nyingi kwa kushikilia kitufe cha kusajili kwa muda ulioelezwa kwenye kitabu cha mota mpaka taa ndogo ya bodi itoe ishara. Baada ya hapo kaya zote nne zilete rimoti zao siku moja, zisajiliwe upya moja baada ya nyingine, na zile tatu zilizoondoka zibaki vipande vya plastiki. Andikeni kwenye karatasi nani ana rimoti ngapi, na karatasi hiyo akae nayo mwenye nyumba. Kuanzia hapo, anayehama airejeshe rimoti kama anavyorejesha ufunguo, na asipoirejesha, kumbukumbu ifutwe tena juma hilo hilo.

Kama geti lenu ni la swichi, hakuna cha kufuta. Itabidi mbadilishe mpangilio wa swichi kwenye risiva na kwenye kila rimoti. Hiyo ni nafuu ya muda tu kwa sababu nilizozieleza kwa msomaji wa Shangani. Msiache swichi zote juu au zote chini, kwa kuwa huo ndio mpangilio unaojaribiwa kwanza.

Mtazame pia kasha la mota lenyewe. Mageti mengi ya kuteleza hufungwa mota karibu kabisa na nguzo, na kifuniko chake hushikwa na skurubu mbili. Mtu aliyeingia mchana kama mgeni, mchuuzi au fundi wa maji akiweza kukifungua na kubonyeza kitufe cha kusajili, ataondoka na rimoti yake halali kabisa, na hakuna teknolojia itakayomzuia usiku. Kifuniko hicho kinahitaji kufuli.

Tena, msiache rimoti imebanwa kwenye kibao cha kuzuia jua cha gari, hasa gari linapopelekwa kuoshwa au kutengenezwa. Ndani ya gari hilo hilo mara nyingi kuna karatasi yenye jina na mtaa wa mwenyewe.

*Mimi ni kijana wa Lindi Mjini ninayejifunza ufundi wa umeme. Nimesoma kwamba hata rimoti zenye msimbo unaobadilika zimeshashindwa na wezi. Kama ni hivyo, kuna faida gani ya kuwashauri wateja kuzinunua? Pia nina mteja ambaye rimoti yake iligoma baada ya mtoto kuichezea safarini.*
Mwanafunzi wa ufundi

Faida ipo, tena kubwa, na nitaanza na mteja wako kwa kuwa tatizo lake linaeleza namna mfumo unavyofanya kazi.

Ndani ya rimoti ya aina hii mna hesabu inayosonga mbele kila kitufe kinapobonyezwa. Hesabu hiyo hufichwa kwa ufunguo wa siri kisha hurushwa, na risiva, ambayo inao ufunguo huo, huifichua na kuuliza jambo moja: je, namba hii iko mbele ya ile ya mwisho niliyoipokea? Ikiwa nyuma, inakataliwa. Ndiyo maana msimbo ulionaswa jana na kutumiwa jana hauna kazi leo. Ikiwa mbele kidogo tu, inakubaliwa. Katika mfumo maarufu wa KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na baadaye kuuzwa kwa kampuni ya Microchip, nafasi ya kawaida inayokubaliwa papo hapo ni hatua 16. Mtoto aliyebonyeza kitufe njia nzima kutoka Nangurukuru aliipeleka hesabu mbali kuliko hapo, na risiva haikuwepo kusikia. Mwambie mteja wako asimame mbele ya geti na kubonyeza mara mbili mfululizo, kwa maana risiva ikipata misimbo miwili inayofuatana hujipanga upya. Ikishindikana, isajili rimoti upya.

Sasa kuhusu wezi. Mwaka 2015 Kamkar huyo huyo alionyesha kifaa alichokiita RollJam, kilichomgharimu takriban dola 32 za Marekani. Kifaa hicho hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huvuruga mawimbi ili risiva isisikie, na hapo hapo hunasa msimbo uliorushwa. Mwenye nyumba anaona mlango umegoma, anabonyeza tena. Kifaa kinanasa msimbo wa pili na kurusha ule wa kwanza. Mlango unafunguka, mwenyewe anaingia bila wasiwasi, na mwizi anabaki na msimbo mmoja ambao haujatumika.

Angalia lakini udhaifu wa hila hiyo. Msimbo ulioibwa unakufa mara tu risiva inapopokea msimbo mpya zaidi. Kwa hiyo mteja wako akiona rimoti imegoma mara ya kwanza na kukubali ya pili, na akamwona mtu asiyemfahamu ameegesha karibu, asubiri mtu huyo aondoke, kisha aufungue na kuufunga mlango tena kwa rimoti ile ile. Mwelimishe pia asitishike kila mara, kwani rimoti inayogoma kwa kawaida imechoka betri, na kwa nyumba za ufukweni hewa ya chumvi hushika vibati vya betri na kuviotesha ukungu wa kijani. Vifute kwa kitambaa kikavu, weka betri mpya, ndipo ufikirie mwizi.

Ni kweli pia kwamba mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na risiva ya KeeLoq wangeweza kuung'amua ufunguo wa siri wa mtengenezaji, na kisha kunakili rimoti kwa kunasa ujumbe usiozidi miwili kutoka umbali wa hadi mita 100. Kazi hiyo ilihitaji maabara na elimu ya juu. Mteja anayejenga leo mshauri achague mfumo mpya unaotumia usimbaji wa AES, njia imara zaidi ya kuficha ujumbe. Mteja mwenye KeeLoq usimtie hofu ya kumfanya ang'oe kila kitu, wakati jirani yake bado anatumia swichi 8.

*Mimi ni bibi ninayeishi na wajukuu Mikindani. Umeme ukikatika, kijana wetu huliachia geti ili tulisukume kwa mkono. Je, lina usalama wowote wakati huo?*
Bibi wa Mikindani

Shikamoo, bibi. Halina usalama, na nakushukuru kwa kuuliza, maana hili ndilo pengo ambalo watu wengi hawalioni. Mota ikiwa imeshikamana na geti, gia zake zenyewe hulizuia geti lisisukumike, hata pasipo umeme. Kijana akiiachia kwa ufunguo wa dharura, gia hizo huachana na geti, na tangu hapo mtoto wa miaka kumi anaweza kulisukuma. Umeme ukirudi taa zinawaka, feni zinazunguka, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na geti linaweza kubaki limeachiwa mpaka kesho.

Naomba geti lenu lichomelewe pete mbili, moja kwenye geti na nyingine kwenye nguzo, za kupitishia kufuli wakati wa giza. Kijana asiirudishe mota kwenye kazi kabla kufuli halijatolewa. Kama uwezo upo, mota nyingi hukubali betri ya akiba, na geti litaendelea kufanya kazi umeme ukikatika bila kuachiwa kabisa.

Ufunguo wa dharura nao usitundikwe kwenye mota. Baadhi ya mota hutumia ufunguo wa pembetatu unaofanana kwa mota zote za aina hiyo, kwa hiyo mfuniko wa kufuli juu ya tundu lake si anasa. Mwagize fundi pia akague kama geti linaweza kunyanyuliwa kutoka kwenye reli yake. Kipande cha chuma kilichochomelewa juu ya magurudumu kinatosha kulizuia.

*Ninafanya kazi Dodoma, nyumba yangu iko Lindi. Nimeshawishiwa kufunga kifaa cha kufungulia geti kwa simu. Je, ni salama?*
Mtumishi, Dodoma

Ni salama kwa kadiri kampuni iliyokitengeneza ilivyo makini, na hapo huna uwezo wa kukagua kwa macho. Mwaka 2023 iligundulika kwamba vifaa vya kampuni ya Nexx ya Marekani, vinavyofungua milango ya mabanda ya magari kupitia intaneti, vilikuwa vinatumia nenosiri moja kwa wateja wote kuwasiliana na seva ya kampuni. Aliyelipata angeweza kufungua milango ya watu asiowajua, akiwa nchi yoyote.

Ukiamua kufunga, chagua kifaa ambacho mtengenezaji wake bado anatoa masasisho, badilisha nenosiri la kiwandani, weka uthibitisho wa hatua mbili, na usitumie nenosiri la Wi-Fi ambalo mafundi na wageni wameshapewa. Simu ikipotea, ingia kwenye akaunti kwa simu nyingine na uiondoe ile ya zamani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, kwa nyumba inayokaa tupu kwa miezi, ushauri wangu ni tofauti: zima umeme wa mota, funga kufuli, na mwachie ufunguo ndugu unayemwamini. Mota isiyo na umeme haipokei amri ya mtu yeyote.

*Niliibiwa kupitia mlango wa rimoti. Kampuni ya bima inasema haitalipa kwa sababu hakuna kilichovunjwa. Je, huo kweli si wizi wa kuvunja?*
Msomaji wa Nachingwea

Hayo ni mambo mawili tofauti. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuvunja hakumaanishi kuharibu tu. Mtu anayefungua mlango uliofungwa kwa njia yoyote ile ili aingie kutenda kosa anahesabiwa amevunja, hivyo polisi wana kila sababu ya kulipokea shauri lako. Mkataba wa bima ni jambo jingine, kwa kuwa mikataba mingi ya wizi wa majumbani hudai uingiaji wa kutumia nguvu wenye alama zinazoonekana. Soma kipengele hicho neno kwa neno, iombe kampuni ikupe sababu za kukataa kwa maandishi, na usiporidhika peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Maelezo ya maandishi ya fundi kwamba mlango wako unatumia msimbo usiobadilika yatakusaidia. Piga picha bodi ya mota, rimoti na swichi zake kabla hujabadilisha chochote, na risiva ya zamani ukishaing'oa ihifadhi, usiitupe wala kumpa fundi, mpaka madai yako yatakapokuwa yamefungwa.